Reli Hupita, Haifiki

Majina ya Sultan Hamud, Makindu na Kima yamo vinywani mwa Wakenya kwa sababu ya reli. Ile iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901 ndiyo iliyompa Sultani wa Zanzibar mji katika ardhi ya Wakamba. Kima nayo hukumbukwa kwa simba aliyemtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, behewani mwaka 1900.

Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na treni ya abiria ya reli kongwe kati ya Nairobi na Mombasa ikakoma. Katika Makueni, treni mpya husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali tu, tena ile ya kaunti. Ya moja kwa moja hupita kama mgeni asiyepiga hodi. Kitui haikupata reli ya kwanza wala ya pili. (Lugha haifichi: twasema reli 'imepita' kwetu, si 'imefika'.)

Tutaambiwa kwamba vituo vidogo havilipi. Huenda. Reli ya Konza hadi Magadi, iliyokamilika mwaka 1915, ilijengwa kwa fedha za kampuni kwa kuwa magadi yalilipa. Lakini Japani zipo kampuni binafsi zinazoendesha treni za milimani penye wakazi wachache: huwauzia watalii safari yenyewe, na serikali za mitaa huchangia. Je, kaunti zetu zimewahi kupiga hesabu ya mabehewa mawili tu, kutoka Mtito Andei hadi Konza, ya maembe, ndengu na wanafunzi?