Fundi wa bodi wa Arua apewe cheti kinachovuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010. Tangu hapo, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliwa saini makubaliano ya kutambuana sifa za kazi kati ya nchi wanachama. Fundi anayenyoosha bodi ya gari na kuipiga rangi hana makubaliano ya aina hiyo. Kwa mfanyabiashara wa Arua na Koboko, ambaye mtaji wake mara nyingi ni gari moja, pengo hilo si dogo.

Tazama ramani. Barabara ya lami ya kilomita 92 inaanzia Vurra, mpakani na Kongo, inapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba, ng'ambo ya Kaya ya Sudan Kusini. Ndani ya safari ya saa chache gari linaweza kugusa nchi tatu. Uganda huendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Gari lenye usukani wa kulia likivuka, dereva wake hukaa upande wa ukingo wa barabara, na kulipita lori lililo mbele kunakuwa kubahatisha. Milango iliyobonyea, boneti zilizokunjwa na madigadi yaliyochanika huwafikia mafundi kutoka pande zote tatu.

Sheria nayo imeongeza uzito wa kazi hiyo. Mwaka 2018 Uganda ilifanya marekebisho ya sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Kenya ina kikomo cha miaka minane. Gari ambalo tayari limo barabarani sharti liishi muda mrefu zaidi, na anayelipa uhai huo ni fundi wa bodi. Injini ikichoka hubadilishwa. Bodi ikioza, gari limekwisha.

Hapa kuna somo kutoka kwa gari ambalo Afrika Mashariki inalifahamu vizuri. Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya nchi hizo kupata uhuru. Leo wenye magari ya aina hiyo duniani hutumia fedha nyingi kuyarudishia sura yake ya zamani, na kila fundi anayeyajua atasema adui wake wa kwanza ni kutu.

Datsun hilo halina chasisi ya pembeni kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kutu ikila vizingiti vya chini ya milango na sakafu, gari hupoteza nguvu zake hata kama juu linang'aa. Ndiyo maana kazi ya kulifufua huanza kwa kubandua: rangi ya zamani inaondolewa hadi chuma kionekane, chuma kilichooza kinakatwa chote, kipande kipya kinachomelewa, kisha bodi inanyooshwa kwa nyundo na kipande cha chuma kinachoshikiliwa upande wa pili. Puti huja mwisho, nyembamba, ya kusawazisha mawimbi madogo tu. Baada yake ni praima, msasa wa maji, rangi, na koti la juu la kung'arisha. Anayelipia kazi hiyo hulipia zaidi siku za kubandua na kuchomelea kuliko siku ya kupiga rangi.

Magari madogo yanayobeba abiria na mizigo kati ya Arua na Koboko yana muundo huohuo. Premio, Wish na Noah hazina chasisi ya kutenganishwa na bodi. Kizingiti kikioza kwenye Noah, hatari ni ileile ya Datsun la mbio, tena ndani yake mna abiria na magunia.

Ndipo udanganyifu unapoingia. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya magari yaliyotumika, rangi mpya humpa kibaya nafasi ya kujiuza kama kizuri. Tundu la kutu likizibwa kwa puti nene bila kukata chuma kilichooza, gari huonekana jipya kwa miezi kadhaa. Lakini puti hunyonya unyevu, na maji huingia kutoka nyuma, upande ambao rangi haikufika. Msimu mmoja wa mvua ukipita, malengelenge yanatokeza juu ya rangi. Kufikia hapo muuzaji yuko Ariwara, mnunuzi yuko Koboko, na fundi hajulikani ni nani. Hakuna karatasi inayosema nani alifanya nini.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kiasi. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa hushika chuma na kuteleza pale puti ilipo nene. Ipitishwe kwenye vizingiti, chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Bampa za plastiki na sehemu za alumini hazishiki sumaku hata zikiwa nzima, kwa hiyo hizo zisihesabiwe. Kifuniko cha sakafu kiinuliwe, zulia la buti liinuliwe. Muuzaji anayekataa zulia lisiguswe ameshajibu swali. Hata hivyo, soko la nchi tatu haliwezi kutegemea sumaku ya kila mnunuzi.

Kinachohitajika kina sehemu tatu. Kwanza, cheti cha ufundi kinachotambuliwa pande zote. Msingi upo: Uganda imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunzia gereji kwa vitendo, Tanzania ina mpango wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016 na Kongo tangu 2022. Kilichobaki ni Arusha kuzikutanisha nchi hizi na kukubaliana kwamba fundi aliyepimwa Arua hahitaji kuanza upya Aru au Yei, na aliyepimwa huko afanye kazi Koboko bila kuonekana mgeni.

Pili, kadi ya kazi. Kila gari linalotengenezwa bodi lipate karatasi moja yenye picha za chuma kabla ya puti, sehemu zilizokatwa na jina la fundi. Simu ya kawaida inatosha kupiga picha hizo. Kadi hiyo ifuate gari linapouzwa.

Tatu, njia rahisi ya forodha kwa gari linalovuka kwa ajili ya matengenezo. Utaratibu wa Biashara Iliyorahisishwa humsaidia mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, lakini umetengenezwa kwa bidhaa, wala hauhesabu huduma. Mwenye gari la Kaya anayetaka kulipeleka Koboko kupigwa rangi apewe fomu fupi na muda unaojulikana.

Wapo watakaosema cheti ni kisingizio kipya cha kumkamua mnyonge, ada juu ya ada. Hofu hiyo ina sababu. Wafanyabiashara wa mipakani wameona stakabadhi nyingi zisizo na faida. Jibu ni kuupima mkono wa fundi kazini, ada iwe ndogo na ilipwe mara moja, na anayekosa cheti asifungiwe gereji. Cheti kiwe sababu ya mteja kumchagua, kisiwe fimbo ya askari.

Fundi mwenyewe ana cha kupata zaidi ya wateja. Rangi za kisasa za kuchanganywa na kigumishi hutoa kemikali zinazojulikana kusababisha pumu kwa wapigaji rangi, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Kusugua kwa msasa rangi za magari ya miaka ya 1970 kunaweza kurusha vumbi la risasi. Mafunzo ya cheti ndiyo mahali pa kumfundisha kijana barakoa ipi inafaa, na kwa nini watoto wasicheze karibu na kompresa.

Wakakwa wanaishi Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Walugbara wanaishi Uganda na Kongo. Kwao kuvuka mpaka ni kwenda kwa shangazi. Mawaziri wa Jumuiya wakiweza kuafikiana kuhusu cheti cha mhasibu, cha fundi huyu hakiwezi kuwashinda.