Sifa za Ngumi Hazikingi Ubongo

Msomaji, ikiwa kijana wako hapa Katelembo ameanza ndondi na mtaa mzima tayari unamwita bingwa, mkumbuke Robert Wangila. Mwaka 1988, huko Seoul, alishinda dhahabu ya Olimpiki, na hadi leo ndiye bondia pekee wa Kenya aliyeipata. Wengi walitazamia mkanda wa dunia katika ngumi za kulipwa. Hakuupata.

Julai 1994, mjini Las Vegas, refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alipinga. Muda mfupi baadaye alizirai, na hakuzinduka. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu huku mtu amesimama na anazungumza. Nazo sifa za mapema humfanya kijana aone haya kusema kichwa kinamuuma. Basi mwangalie wewe. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia ovyo, mpeleke hospitali mara moja. Hata akijiona mzima, asirudi ulingoni mpaka daktari amruhusu. Mkanda ukikosekana, maisha yapo.