Usiache mbachao: Tarakilishi kuukuu ingali na kazi
MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia mfumo wa Windows 10 bila malipo. Tarakilishi zinazoutumia hazikuzima siku hiyo. Zilibaki kama nyumba isiyo na mlinzi, kwani kasoro mpya za usalama hazizibwi tena. Nyongeza ya mwaka mmoja kwa waliojisajili ilikuwa ya kuvuta muda tu.

Windows 11 nayo inabagua. Inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, takriban zile zilizoundwa kuanzia 2017. Miongoni mwa mashine za mtumba zinazouzwa jijini Nairobi, zipo tele za kabla ya hapo. Je, mzazi aliyejinyima ili mwanawe apate tarakilishi aitupe, ilhali kibodi, skrini na diski vingali vizima?

La hasha! Mfumo wa Linux, ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, hautozwi ada. Toleo la Linux Mint hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na laweza kujaribiwa kutoka kwa flashi kabla ya kusakinishwa. Yamkini programu fulani za uhasibu zitagoma, na LibreOffice italazimika kushika nafasi ya Microsoft Office. Muhimu ni kunakili faili zote kwanza, maana usakinishaji waweza kufuta diski nzima.

Kilichozeeka hapa si chuma, bali mkataba wa muuzaji. Wazazi na walimu wakuu wasiharakishe kufungua mkoba.