Akaunti Zilizositiriwa

Tangu mwaka 2001, Microsoft ilipotoa Windows XP, wengi wanaoshirikiana kompyuta moja wamezoea kulakiwa na skrini iliyopangwa majina yao pamoja na picha ndogo ndogo, na anayetaka kuingia hana kazi ila kulibofya jina lake. Takrima hiyo ina dosari: kila apitaye mbele ya meza hujua ni nani na nani waitumiao mashine ile, na mwenye nia mbaya, akiisha kulipata jina, husaliwa na nywila peke yake ya kubahatisha. Kwa hiyo mafundi wa maofisi na mashule aghalabu huyaondoa majina hayo yasionekane, nami sioni taksiri katika tendo hilo. Ninayoipinga ni dhana iliyofuatana nalo, ya kwamba kilichofichwa kimehifadhika.

Na tuitazame namna yenyewe ya kuficha. Katika Windows, fundi huifungua rejista ya mfumo, penye tawi liitwalo SpecialAccounts, akaliandika humo jina la akaunti na kulipa thamani ya sifuri, likatoweka machoni; katika Linux, aghalabu akaunti yenye nambari iliyo chini ya 1000 haionyeshwi kabisa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni ya mfumo wenyewe wala si ya binadamu; na kompyuta za Apple zina alama yao, IsHidden. Hapana hata njia moja katika hizi iliyotia nguvu nywila, wala iliyopunguza mamlaka ya akaunti, na aliyekwisha kuingia kwa jina jingine, akiandika amri fupi ya net user katika Windows, huletewa orodha nzima, waliositiriwa na wasiositiriwa. Pazia humsitiri aliyemo chumbani na macho ya wapitao, walakini sijasikia mtu aliyeacha kutia komeo kwa kuwa ametundika pazia. Wenye hikima ya Unix waliyafahamu haya zamani: faili ya passwd, yenye majina ya watumiaji wote, waliiacha isomwe na kila mtu, na kilichokuja kuhamishwa baadaye mahali pa faragha ni nywila zilizofumbwa, si majina.

Lakini lililo zito zaidi ni kwamba sifuri ile ile aiandikayo fundi mwaminifu, mvamizi naye huiandika. Akiisha kupenya, hujifanyia akaunti yenye madaraka ya msimamizi, akaificha, na mwenye kompyuta kila asubuhi huona majina ayajuayo tu, akaingia kazini moyo umemtulia. Fauka ya hayo, hata pasipo mvamizi, yuko fundi aliyehama zamani, na akaunti yake imebaki mafichoni, hai, na nywila anayo yeye.

Basi afichaye na afiche, kwa sharti aandike katika daftari la ofisi akaunti gani ameificha, kwa sababu gani, na nani ataulizwa juu yake. Na orodha nzima itolewe mara kwa mara, isomwe na mtu asiyekuwa fundi huyo, na kila jina lisilo na mwenyewe lifungwe siku ile ile, bila kungoja barua wala kikao.