Ubaguzi Unaotafutwa Pasipo Pake

Wapo wadaio kwamba shule ya serikali ipokeayo wasichana peke yao inavunja Katiba. Hoja yao huanzia ibara ya 13, iliyoongezewa neno jinsia mwaka 2000, na huishia langoni mwa Weruweru, karibu na mji wa Moshi: mbona mtoto wa kiume wa mlipakodi yuleyule haingii? Swali lina sura nzuri, lakini waulizao wameisoma ibara nusu. Ibara hiyohiyo inaeleza kwamba Serikali ikichukua hatua za makusudi kurekebisha matatizo ya jamii, huko si kubagua.

Na tatizo lilikuwapo. Mlima huo ulipata shule za misheni mapema, na kahawa ililipa karo. Ila kihamba kilirithiwa na mwana wa kiume, na karo nayo mara nyingi ilimtangulia yeye. Weruweru ya Mama Maria Kamm, aliyeishika tangu mwaka 1970 kwa zaidi ya miaka 20, ilimpa binti mahali ambapo hakuwa wa pili. Humo alipita Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007.

Ubaguzi hasa haukuwa langoni. Ulikuwa katika kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotaja makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa miongoni mwayo. Katika shule nyingi nchini wasichana walipangwa foleni wakapimwa. Mvulana hakupimwa kitu. Kweli, tangu mwaka 2016 sheria inamtishia ampaye mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, lakini kifungo cha huyo hakimrudishi binti darasani.

Msomaji wa Visiwani naye asicheke: sheria ya huku ya mwaka 1985 ilimpeleka jela asiyeolewa akipata mimba, hadi ilipobadilishwa mwaka 2005.

Novemba 2021 wizara ilitoa waraka wa kuwarudisha shuleni waliozaa. Mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ikaihukumu Tanzania kwa yaliyotendeka. Waraka ni jambo la heri, lakini kilichoandikwa na wizara chaweza kufutwa na wizara. Wenye uchungu na ibara ya 13 waiache Weruweru, waende Bungeni kudai haki hiyo ikae ndani ya sheria.