Usingizi wa mfanyakazi si bidhaa ya dukani

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Shinyanga, ukapita Kahama na kufika Geita, usiku umekoma kuwa wakati wa mapumziko kwa watu wote. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, hufanya kazi usiku na mchana kwa zamu. Huko Rwamgasa, Nyarugusu na Mwakitolyo, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, mara nyingi karasha huendelea kusaga mawe wakati mkulima wa pamba wa jirani amekwisha kulala. Mali itokayo huko ni mali ya taifa, na sote twajivunia. Lakini yafaa tujiulize swali moja ambalo halimo katika hesabu za dhahabu: je, wale waitoao ardhini hulala saa ngapi?

Siku chache zilizopita mwandishi wa makala haya alikuwa Katoro. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kijana mmoja aliyetoka kukesha kwenye karasha aliingia katika duka la dawa, akaomba "za usingizi" kama mtu aombavyo sukari, akapewa vidonge vinne ndani ya kipande cha karatasi. Hakuulizwa cheti cha daktari. Hakuulizwa umri wala ugonjwa, hakuulizwa kama amekunywa pombe, wala hakuambiwa ameze kimoja au viwili. Nilipomwuliza kama anaijua dawa ile, alinijibu kwa upole: "Kaka, mimi najua inalaza tu. Saa nane mchana nashuka duarani."

Tusiharakishe kumlaumu kijana yule. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu hafikirii habari za cheti. Hufikiria mto wa kulalia. Wa kuulizwa kwanza ni yule aliyemwuzia, na baada yake ni sisi sote tulioacha jambo hili liwe la kawaida.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kueleza, ingawa si nyepesi kutekeleza. Dawa ya usingizi ni dawa halali na yenye manufaa, lakini ni mkopo wa siku chache, utolewao na mganga wa hospitali baada ya kujua kwa nini mgonjwa halali. Mtu anayeinunua dukani bila kuulizwa hununua vitu viwili kwa pamoja: usingizi wa leo, na ukimya juu ya kile kinachomkosesha usingizi.

Tuanze na dawa yenyewe. Iliyo maarufu zaidi ni diazepam, ambayo wengi huijua kwa jina la Valium. Ilianza kuuzwa mwaka 1963 na kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi. Kazi yake ni kutuliza ubongo, na hospitali zetu huitumia kwa mambo makubwa, kama vile kukomesha degedege. Si sumu, wala si dawa ya kuogopwa ikiwa mikononi mwa mjuzi. Taabu yake ni kwamba haiondoki mwilini kwa haraka kama watu wanavyodhani. Nusu tu ya dawa iliyomezwa yaweza kuchukua siku moja hadi mbili kutoka, na mabaki yake hukaa muda mrefu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba aliyemeza kidonge Jumatatu usiku, akameza kingine Jumanne na kingine Jumatano, hana kidonge kimoja mwilini siku ya Alhamisi. Ana kimoja, na masalio ya vile vya nyuma juu yake.

Hapo ndipo ilipo hatari ya yule kijana wa Katoro. Yeye huhesabu kwamba akiamka, dawa nayo imekwisha. Kumbe macho yamefunguka, lakini mikono bado mizito na akili bado ina ukungu. Kwa mtu wa ofisini, ukungu huo huleta makosa ya hesabu. Kwa mtu anayeshuka duarani kwa kamba, au anayeendesha lori la mawe, au anayebeba abiria kwa bodaboda kutoka Katoro kwenda Geita mjini, ukungu huo huleta jeneza. Wala si diazepam peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kwamba kipimo cha zolpidem, dawa nyingine ya usingizi, kipunguzwe kwa nusu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5. Sababu ilikuwa kwamba asubuhi yake dawa ilionekana kubaki mwilini kwa wingi wa kutosha kuhatarisha uendeshaji wa gari. Ikiwa mtu aliyelala usiku kucha aweza kuamka katika hali hiyo, sembuse aliyelala saa tano za mchana?

Jambo la pili ni pombe. Dawa ya usingizi na pombe hufanya kazi moja katika ubongo, nazo zikikutana zaweza kupunguza pumzi hadi ikakatika. Hali ni hiyo hiyo kwa vidonge vikali vya maumivu kama tramadol. Vijana wetu wakumbuke kwamba pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini gongo haijaisha vichochoroni. Aidha, mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, au mwenye kifua kikuu, mapafu yake yamekwisha kudhoofika. Kumlaza kwa dawa bila kumpima kifua ni kumwongezea mzigo asioujua.

Jambo la tatu ni uzoefu. Mwili ukizoea dawa hizi, kidonge kimoja hakitoshi tena, na mtu akiacha ghafla baada ya wiki nyingi, usingizi hukimbia kuliko mwanzo, mikono hutetemeka, na wengine hupatwa na kifafa. Huko Uingereza dawa za jamii hii zilitolewa kwa wingi mno katika miaka ya 1960 na 1970, na watu wengi wakashindwa kuziacha. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya nchi hiyo iliwashauri madaktari wasizitoe kwa zaidi ya wiki mbili hadi nne. Hapana haja ya sisi kupita katika shimo lile lile ambalo wenzetu wamekwisha kulionyesha.

Lakini hatari zote hizo hazilingani na ile ya ukimya niliyoitaja. Kukosa usingizi, mara nyingi, ni shahidi aliyekuja kutoa habari. Tuchukue mfano wa zebaki. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha huchoma ule mchanganyiko ili dhahabu ibaki. Mvuke wake huingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Miongoni mwa dalili za sumu hiyo ni kutetemeka, kusahau, hasira zisizo na sababu, na kukosa usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda uliwapima wananchi wa Rwamgasa, na wale wanaochoma mchanganyiko huo wakaonekana kuathirika kuliko wengine. Sasa fikiri: mchomaji huyo asipopata usingizi, wengine humwambia amerogwa, wengine humpeleka dukani. Akilala kwa kidonge, kesho yake hurudi kuchoma. Shahidi amezibwa mdomo, na sumu inaendelea na kazi yake.

Mfano mwingine ni hofu. Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa ardhini, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Taifa zima lilishangilia. Lakini kila ajali huacha watu ambao hawakufukiwa na bado hawalali: wenzao waliochimbua, wake waliongoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linashauri kwamba mtu mzima anayekosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha asipewe dawa za jamii ya diazepam. Mtu huyo anahitaji kusikilizwa, kuwa na watu wake, na kurejea taratibu katika ratiba ya maisha. Mambo hayo hayauzwi kwa kidonge.

Mfano wa tatu ni zamu yenyewe. Wako wafanyakazi ambao miili yao haikubali kazi ya usiku, na wengi hawajui kwamba sheria inawatambua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, isipokuwa pawe na makubaliano ya maandishi ya kuyapunguza. Tena inakataza kumpangia kazi ya usiku mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa hali yake haifai kwa kazi hiyo. Basi cheti cha daktari, ambacho wengi hukiona kuwa kikwazo cha kupata kidonge, chaweza kumpa mfanyakazi kitu kikubwa zaidi ya kidonge: chaweza kumwondoa katika zamu inayomwua.

Je, mganga akiona kwamba dawa inahitajika, mgonjwa afanye nini? Ameze kipimo alichoandikiwa na kwa siku alizoambiwa, bila kuongeza. Ameze anapokwenda kulala tu, akiwa na muda wa kulala usingizi kamili mbele yake, na siku hizo asishuke shimoni wala asishike usukani mpaka mganga amwambie kwamba ni salama. Asiguse pombe. Amweleze mganga dawa nyingine anazotumia, na kama ni mama mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema. Wazee wawe na hadhari zaidi, kwani wengi huamka usiku wakiwa na kizunguzungu, wakaanguka na kuvunjika nyonga. Asimgawie jirani hata kimoja, na aviweke mbali na watoto. Akiwa amezitumia kwa muda mrefu, asiache kwa siku moja; arudi hospitali apunguziwe hatua kwa hatua.

Pamoja na dawa, na mara nyingi badala yake, yako mazoea ambayo madaktari duniani sasa huyatanguliza. Kulala na kuamka kwa saa zile zile. Kuziba dirisha kwa blanketi zito kwa yule alalaye mchana. Kuacha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu saa nyingi kabla ya kulala. Kutotumia pombe kama dawa ya usingizi, kwani humlaza mtu jioni na kumwamsha usiku wa manane. Na usingizi ukikataa, kuondoka kitandani na kurudi utakapokuja. Mazoea haya hayana gharama, ila yanadai uvumilivu wa wiki kadhaa.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi anasahau hali halisi: hospitali iko mbali, foleni ni ndefu, na duka liko mlangoni. Ni kweli. Lakini ndiyo sababu mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzishwa mwaka 2003, ukianzia Ruvuma, ili mwananchi wa kijijini apate dawa karibu naye kutoka kwa mwuzaji aliyefundishwa. Duka lilisogezwa karibu ili limhudumie mwananchi, si ili limtie usingizini na kumchukulia fedha zake. Mwuzaji anayetoa dawa ya cheti bila cheti, tena ndani ya karatasi isiyo na jina la dawa wala maelezo, ni mlanguzi kama walanguzi wengine, na tofauti yake ni kwamba yeye hulangua uhai.

Hivyo basi, kila mmoja ana wajibu wake. Baraza la Famasi na wakaguzi wa wilaya waifike Katoro na Kahama mara kwa mara, tena bila kutoa taarifa. Chama cha wafanyakazi wa migodini, TAMICO, kiwaeleze wanachama haki zao za mapumziko na za kazi ya usiku. Wenye migodi na wenye maduara wakumbuke kwamba mfanyakazi asiyelala ni hasara kwao kabla ya kuwa msiba kwa mkewe. Na matawi yetu ya Chama yasingoje waraka kutoka juu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kuzunguka redio, wakajifunza kuzuia maradhi katika nyumba zao wenyewe. Mkutano wa shina hauhitaji fedha nyingi kumwalika mganga wa zahanati azungumze kwa nusu saa juu ya usingizi, zebaki na vidonge.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee, liliwataja watu kwanza. Ardhi, pamoja na dhahabu yake, ikafuata nyuma yao. Utaratibu huo haukuwa wa bahati. Dhahabu ya Geita imengoja chini ya ardhi miaka isiyohesabika, na yaweza kungoja saa chache zaidi mpaka yule kijana wa Katoro alale usingizi wake mwenyewe, aamke, na ashuke duarani akiwa na macho yanayoona.