Mzima Huulizwa

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hii yafaa kitandani pa mgonjwa, lakini haifai mlangoni pa maabara; maana huko aingiaye kwanza si mgonjwa. Dawa mpya ya moyo, baada ya kujaribiwa kwa wanyama, kwa kawaida hutiwa kwanza katika miili ya watu wachache wenye afya, ili ijulikane ni kadiri gani mwili waweza kuichukua. Mgonjwa huja baadaye. Basi mzima hana budi kuulizwa, na swali lenyewe liwe la kweli.

Wako watu, na wasomi miongoni mwao, wasemao kwamba swali hilo lisiulizwe kabisa katika Tanzania. Kijana wa Kilosa au wa Mikumi, mkoani Morogoro, si panya, wasema. Dawa zijaribiwe huko huko zitengenezwako. Maneno haya yana sauti ya heshima. Yafaa yapimwe.

Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya omecamtiv mecarbil, iliyotiwa mishipani mwa wanaume 34 wenye afya. Huurefusha muda wa moyo kusukuma damu; ikizidi kipimo, moyo hukosa nafasi ya kujaa tena, na kifua huuma. Mpaka huo ulijulikana kwa kuwa wako waliokubali kuufikia. Baadaye wagonjwa zaidi ya 8,000 waliingia katika jaribio kubwa, na hata hivyo mwaka 2023 Marekani ilikataa kuiidhinisha. Ndivyo kazi hii ilivyo: ndefu, ya hatari, na tunda lake halina hakika.

Sasa atazamwe mgonjwa wa Kilosa, avimbaye miguu na kukosa pumzi alalapo. Uchunguzi wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi, uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha wastani wa umri wa miaka 55, na sababu kubwa ilikuwa shinikizo la damu. Katika jaribio kubwa la sacubitril na valsartan, lililotangazwa mwaka uo huo, wastani ulikaribia miaka 64, na wengi waliugua kwa kuziba mishipa ya moyo. Tena dawa za jamii ya enalapril huwavimbisha uso na ulimi watu wenye asili ya Afrika mara nyingi kuliko wengine. Jambo hilo lilibainika dawa zikiwa zimekwisha kuenea. Asemaye "zijaribiwe kwao" hamwepushi mgonjwa huyu na majaribio. Amwacha ajaribiwe mwisho, bila mtu wa kuandika yaliyompata, na bila kuambiwa kwamba anajaribiwa.

Wala kutoweza si udhuru. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye jina la mji wa mkoa huo huo wa Morogoro, ilipata huko Bagamoyo wanaume 30 wenye afya waliokubali jaribio la kuambukizwa malaria kwa sindano. Habari zake zilichapishwa mwaka 2014. Waliopata vijidudu katika damu walitibiwa.

Hofu ina haki yake. London, Machi 2006, wanaume 6 waliopewa dawa mpya walikuwa mahututi siku ile ile. Rennes, Ufaransa, Januari 2016, mtu mmoja alikufa. Lakini hofu yenye haki huleta masharti, wala haileti ukimya.

Sharti la kwanza ni la lugha. Kilicho ndani ya sindano ya kwanza hakijawa dawa. Hati isemayo "utapewa dawa" imekwisha kudanganya, kwa kuwa dawa, kwa asikiaye Kiswahili, ni kitu kiponyacho. Vivyo hivyo neno "kujitolea". Kwa mwanakijiji neno hilo ni kujenga darasa au kuchimba mtaro bila ujira. Akiitwa kujitolea kisha akapewa fedha, atajuaje kama ni shukrani au ni bei ya hatari? Kama ni malipo, yaitwe malipo.

Sharti la pili ni fidia kwa atakayedhurika, yenye kiasi kilichoandikwa kabla ya sindano. La tatu ni kwamba dawa ikifaulu, ifike hospitali ya Kilosa na vituo vya Mikumi kwa bei inayomwezekania mkulima. Barabara kuu iendayo Zambia yapita Mikumi, na treni ya umeme ilianza kupita Kilosa mwaka 2024. Njia zipo, kinachotakiwa ni ahadi yenye sahihi.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba zina uwezo wa kudai masharti haya kwa kila aombaye kibali. Hati zenyewe zahitaji waandishi, na kazi hiyo ni ya wanachuo wa Kiswahili. Wakiiacha, itafanywa na mfasiri wa haraka, na kijana wa Kilosa atatia sahihi asichokielewa.